Rafu zilijaa, watoto hawakusoma

Kartoni ya kwanza niliifungua kwa kisu cha jikoni, Ijumaa jioni baada ya masomo, watoto wamejazana dirishani wakichungulia. Vitabu 186 vya hadithi, vyote vya Kiswahili, vyote vipya, vikinukia wino. Nilivipanga jioni ile ile kwa kufuata rangi za majalada, maana sikujua mpango mwingine, nikaenda kulala na furaha ambayo sikuwahi kuipata tangu nianze kushika chaki. Muhula ulipokwisha nikafungua daftari la kuazima. Vitabu vilivyotoka mlangoni vilikuwa 31, na zaidi ya nusu yake tulikuwa tumeviazima sisi walimu.

Naandika haya kwa mwalimu ambaye kesho au keshokutwa ataitwa ofisini na kuambiwa nilivyoambiwa mimi: "Wewe Kiswahili unakijua, basi shika maktaba." Kukijua Kiswahili hakukunisaidia kuchagua vitabu. Pengine kuliniponza, kwa sababu kila ukurasa nilikuwa nikiupima kwa macho yangu mimi, wala sikuwahi kukaa kando ya mtoto nikamsikiliza anavyousoma.

Nimezaliwa katika kambi ya jeshi. Baba alikuwa askari, na pale kambini watu wa Arua, wa Gulu, wa Soroti na wa Mbarara, kila pembe ya Uganda, walielewana kwa Kiswahili, kwa hiyo ndicho tulichochezea sisi watoto. Nje ya geti tulichekwa. Kwa watu wengi wa rika la wazazi wangu Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki, lugha ya kuamrishwa. Nalitaja hili kwa sababu lilikuja kunikuta tena kwenye kikao cha wazazi, mimi mwenyewe nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Shule ninayofundisha iko Busia, upande wa Uganda, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mpakani. Hapa Kiswahili cha sokoni kila mtu anacho: wavusha mizigo, wauza nyanya, wabadilisha pesa. Cha kusoma kitabuni ndicho hakikuwepo. Katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, lakini shuleni kwetu hakuna kilichobadilika mpaka Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipopitisha kwamba kifundishwe kama somo la lazima, msingi na sekondari. Mwalimu mkuu akaenda kutazama kabati la vitabu. Cha Kiswahili kilikuwa kimoja, kamusi iliyokatika mgongo. Wazazi wakachanga, kamati ikaongeza, nikakabidhiwa shilingi 2,600,000 za Uganda.

Nikavuka mpaka. Upande wa Kenya vitabu vya hadithi vya Kiswahili ni vingi, kuvifuata pale ni karibu kuliko kwenda Kampala, na vingi vimeandikwa gredi kwenye jalada. Nikaona kazi imekwisha yenyewe: gredi ya nne ni darasa la nne, gredi ya tano ni darasa la tano. Muuzaji naye alinisaidia kwa moyo mweupe, akanipangia mafungu kwa namba. Sikukifungua hata kimoja katikati. Nilisoma maneno ya nyuma ya jalada, nikatazama picha, nikalipa.

Aliyenifungua macho ni msichana wa darasa la nne, miaka kumi, mwongeaji kweli kweli. Kwenye kibanda cha mama yake anahudumia wateja kwa Kisamia, Kiganda na Kiswahili bila kukwama. Alichukua kitabu cha gredi ya nne, akakaa kwenye benchi karibu nami. Kidole kilitembea chini ya mstari mpaka kwenye neno "yaliyowapotezea", kikasimama. Akarudi mwanzo wa mstari. Kikafika pale pale, kikasimama. Mara ya tatu alikifunga kitabu taratibu, akalifuta jalada kwa kiganja kama mtu anayeogopa kwamba amekichafua, akanirudishia. "Madamu, hiki ni cha wakubwa." Kwenye jalada palikuwa na watoto wawili wa rika lake, wanakimbiza kishada.

Nililala na neno lile kichwani. Mtoto wa gredi ya nne wa Kenya amekaa na Kiswahili darasani tangu alipoanza shule. Wangu alikuwa na muhula mmoja. Tena tangu 2007 mtaala wetu unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo, kisha la nne waanze kuhamia Kiingereza, na kwenye miji ya mchanganyiko kama Busia shule nyingi huanza na Kiingereza moja kwa moja. Macho ya watoto hawa yamezoea maneno mafupi yaliyosimama mbalimbali. Kiswahili kinabandika. "Hatukukiona" kwa jicho ni neno moja, lakini ndani yake mna kukanusha, mna sisi, mna wakati uliopita, mna kile kitu, halafu ndipo kuna kuona. Chuoni tulifundishwa kwamba kitabu chepesi ni kile chenye maneno machache kwenye ukurasa. Kwa Kiswahili hesabu hiyo inakudanganya. Ukurasa wenye maneno manane unaweza kumwangusha mtoto, na wenye maneno thelathini ukampita kama maji, kama ni "Paka alimwona panya. Panya alikimbia. Paka alikaa chini."

Halafu kuna Kiswahili chetu cha mpakani. Mtoto anasema "kitabu yangu imepotea", kitabu kimeandika "kitabu changu kimepotea". Ukimsomea anaelewa yote na anacheka panapochekesha. Akisoma mwenyewe, kila "ki" na "vi" ni jiwe njiani. Na waliozoea kusoma Kiganda wakiona "kitu" midomo inakwenda kwenye "chitu", kwa sababu ndivyo herufi hizo zinavyotamkwa kwao. Hayo mtu wa kuandika gredi kwenye jalada hawezi kuyajua. Alimwandikia mtoto mwingine.

Kwa hiyo kama una pesa mkononi sasa hivi, usinunue kwanza. Omba nakala moja moja, hata kama ni kwa kuweka amana, uende nazo shuleni. Mpe mtoto afungue ukurasa wa katikati, si wa kwanza, maana nimeona vitabu vingi vinaanza kwa upole halafu vinapanda mlima kuanzia ukurasa wa tano. Asome kwa sauti, na kila neno analokwama akunje kidole. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado. Hiyo ni kanuni inayojulikana na walimu wengi, ila nimejifunza kwamba inafaa kurasa zenye maneno mia hivi. Kwa kitabu cha picha chenye mistari mitatu, vidole viwili vinatosha kukuambia kigumu. Na usimjaribu mwanafunzi wako bora. Nilianza na yule wa kwanza darasani na karibu ninunue tena vitabu vya kumfaa yeye peke yake.

Nimesema habari ya ugumu wa maneno. Umri ni jambo jingine, na ilinichukua muda kuelewa kwamba hivi viwili haviendi pamoja. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, watoto wakapandishwa darasa bila kusoma. Wengine walikwenda kuvua, wengine kufyatua matofali, wengine walirudi na watoto mgongoni. Kwenye darasa langu la tano kulikuwa na mtoto wa miaka kumi na kulikuwa na kijana wa miaka kumi na minne aliyetoka Majanji, ziwani, mabega yamejaa, sauti imeshavunjika. Kusoma kwake kulikuwa kwa darasa la pili. Nikampa kitabu cha darasa la pili: kifaranga aliyempoteza mama yake. Alikichukua kwa heshima, akakiweka chini ya dawati, na siku tatu zilizofuata hakuonekana shuleni. Sitasema ni kitabu kilichomfukuza. Lakini nilipomwona anarudi, nilijua kwamba nimemwaibisha mbele ya wenzake.

Kilichomsaidia kilikuwa kijitabu cha picha za kamera kuhusu uvuvi, kurasa kumi na sita, mstari mmoja au miwili chini ya kila picha. Nilikipata kwa bahati kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, kwa shilingi 3,000. Nilikiacha mezani bila kusema neno. Alikifungua akiwa amesimama, kwa kidole gumba, kama mtu anayepita tu. Kwenye ukurasa wa sita akaketi. Baadaye akaja. "Madamu, hapa wameandika sangara. Huyu si sangara, huyu ni ngege." Nikatazama, kweli. Nikampa kipande cha karatasi na gundi, akaandika kwa kalamu nyeusi "NGEGE", akabandika juu ya neno lile, akakandamiza na kiganja mpaka gundi ikashika. Kisha akakisoma kitabu chote neno kwa neno akitafuta kosa jingine. Alirudi nacho mara nne muhula ule. Tangu hapo sinunui hadithi peke yake. Kwa kila hadithi tatu natafuta kitabu kimoja cha mambo ya kweli chenye picha na maneno machache: baiskeli, ng'ombe, mpira, namna mkate unavyookwa. Kijana mkubwa anayesoma polepole anaweza kukishika hicho hadharani, kichwa kikiwa juu.

Muhula wa pili zikaja kartoni sita za msaada kutoka ng'ambo. Tulizipokea kwa wimbo na watoto wakapiga makofi. Karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Ndani mlikuwa na ensaiklopidia zenye ramani ambamo Zaire bado ni nchi, vitabu vya kodi, hadithi za theluji, na riwaya. Nilikuwa nimechoka na rafu zangu zilikuwa na mapengo. Nikavipanga vyote. Namshukuru aliyevituma, na simlaumu. Kazi ya kuchambua ilikuwa yangu, na sikuifanya.

Wiki ya tatu mama mmoja alinijia, kitabu kimefungwa kwenye leso. Binti yake yuko darasa la sita, ana miaka kumi na miwili, na alikuwa amechagua riwaya yenye ua zuri kwenye jalada. Mama alikifungua kwenye ukurasa uliokunjwa pembe, akakisukuma kwangu juu ya meza.

"Madamu, mimi Kiingereza cha kusoma sina kikubwa. Dada yake ndiye amenisomea hapa. Wewe ulisoma?"

"Hapana, mama. Sikusoma."

"Lakini muhuri ni wako."

Muhuri wa maktaba ulikuwa pale, wa bluu, niliupiga mwenyewe. Nilisoma ule ukurasa mbele yake, na masikio yangu yakawaka moto. Yalikuwa mambo ya chumbani, yameelezwa bila kubakiza. Nilimwomba msamaha, naye alinitazama tu, akafunga leso yake tupu, akaondoka. Kwenye kikao cha wazazi habari ilikuwa imekwisha kusambaa. Baba mmoja akasimama akasema hayo ndiyo matunda ya kuwaletea watoto lugha ya wahuni na askari. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, ila hasira haikutazama hilo. Nilisimama kujibu, sauti ikakatika. Mwalimu mkuu ndiye aliyemalizia.

Hofu ikanishika, na hofu ni mkutubi mbaya. Kesho yake nilipita rafu zote na kutoa kila kitabu kilichoweza kumkasirisha mtu yeyote. Chenye mchawi kilitoka, kwa ajili ya wazazi walokole. Chenye baba mlevi kilitoka. Vya vita, vya mazimwi, vya msichana anayependwa na mvulana, vya msiba, vyote vilitoka. Sabini na kitu, nikavitia kwenye makartoni, nikavirundika stoo, chini, ukutani. Walibaki sungura na fisi, na vitabu vya kunawa mikono.

Mvulana mmoja wa darasa la tano alikuja muda si mrefu baadaye. Alisubiri wenzake watoke. "Madamu, kile kitabu cha mtoto aliyezikwa baba yake kiko wapi? Nilikuwa nimefika katikati." Baba yake mwenyewe alikuwa amefariki mwezi wa Februari, kwenye ajali ya barabarani. Nilijua. Sote tulijua, tulikwenda mazishini. Nikamwambia nitakitafuta. Nikaenda stoo, nikainua kartoni, na kitako chake kikabaki sakafuni. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka kwenye ufa wa sakafu wakala kwenda juu. Kitabu chake kilikuwa na nusu ya kwanza, ile aliyokwisha kuisoma. Nusu ya pili ilikuwa udongo mkavu. Nilirudi nikamwambia sikukiona. Nilimdanganya mtoto yule, na hadi leo linaniuma kuliko kikao cha wazazi.

Ilinichukua wiki tatu kupata nakala nyingine, shilingi 9,000, na nauli ilikuwa zaidi ya hapo. Nilipompa hakusema kitu. Alikaa nacho mapumziko yote mawili ya siku ile. Nami jioni nikakisoma kwa mara ya kwanza, mwanzo hadi mwisho, kitabu ambacho nilikuwa nimekihukumu kwa neno moja la kwenye jalada. Kifo kilikuwemo, ndiyo. Lakini mtoto wa kwenye hadithi alikuwa na bibi aliyekaa naye usiku, kaburi halikuelezwa kwa kutisha, na kitabu kilipokwisha kulikuwa kumepambazuka, watu wanakwenda shambani. Jambo zito nalo linaweza kuwa la kiasi cha mtoto. Siku hizi nikikuta msiba, vita au ukatili kwenye kitabu najiuliza: je, mtoto huyu wa hadithi ana mtu mzima hata mmoja wa kumshika mkono? Maumivu yametajwa, au yamechorwa kwa kina mpaka msomaji mdogo atayaota? Ukurasa wa mwisho unamwacha wapi? Kitabu chenye mlevi kikipita maswali hayo, kinarudi rafuni, kwa kuwa watoto wa walevi wamo humu humu darasani na wanajua zaidi ya mwandishi.

Kazi hiyo sikuweza peke yangu. Tukaunda kundi la watu wachache: mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, mwalimu mwanamke mlezi wa wasichana, wanafunzi wawili wa darasa la sita, na mzazi mmoja. Mzazi niliyemtaka ni yule mama wa leso. Nilimfuata kibandani kwake, nikamwambia nahitaji mtu anayeweza kuniuliza "wewe ulisoma?" Alicheka, mara ya kwanza, akasema atakuja kama vitabu ni vya Kiswahili au kama binti yake atamsomea. Kila kitabu kikasomwa na watu wazima wawili, mwanzo hadi mwisho. Cha picha ni robo saa. Chenye sura kumi kinakula Jumamosi yako. Hatukulipwa, kulikuwa na chai na mandazi, shilingi 5,000 kila kikao. Mihula miwili ilikwisha kabla hatujamaliza rafu, na sijui njia ya mkato.

Kwenye kubandika alama na kupanga rafu nilikosea mara moja, na karibu nikosee mara ya pili. Kwanza niliandika namba za madarasa migongoni mwa vitabu. Ndani ya wiki moja wa darasa la tano waliosimama kwenye rafu ya la pili walipewa jina la utani, na rafu ile ikakosa wasomaji. Nikakaa kubandua lebo kwa kitambaa cha maji moto. Majalada kumi na moja yalichanika. Sasa mgongoni kuna rangi tu, kijani, manjano, bluu au nyekundu, inayoeleza maneno ni mepesi au mazito kiasi gani, na mtoto yeyote anachukua rangi yoyote. Umri wa yaliyomo tunauandika ndani ya jalada kwa penseli, herufi ndogo, mahali anapotazama mwalimu anapoazimisha. Kitabu cha kijani kinaweza kuwa na "12" ndani. Cha nyekundu kinaweza kuwa na "8". Penseli, kwa sababu tumewahi kubadili mawazo, na tutabadili tena.

La pili ni vitabu vya kubalehe na hedhi. Wasichana wa darasa la tano na la sita wanavihitaji, na siku hizi senga wengi, yaani mashangazi, hawako karibu kuwafunda, wako Kampala au Nairobi wanatafuta maisha. Nilitaka kuvifungia kabatini, kitanzi na kufuli, nikikumbuka kile kikao. Mwalimu mlezi akanikatalia. "Msichana aliyechafuka sketi hatakuja kukuomba ufunguo." Vikakaa kwenye rafu ya chini karibu na meza yake yeye, pembeni, mahali mtoto anaweza kuchuchumaa akasoma bila kuonekana na darasa zima. Wazazi tuliwaonyesha vitabu hivyo kwanza, vikapita mkono hadi mkono kwenye kikao. Wachache walinung'unika. Akina mama wawili waliomba kuazima.

Nieleze na pesa, maana mimi hakuna aliyenieleza. Katika zile 2,600,000, vitabu 186 vilichukua 2,139,000, yaani wastani wa 11,500 kila kimoja. Fundi wa rafu alichukua 300,000. Iliyobaki, 161,000, ikaishia kwenye usafiri, madaftari, muhuri na gundi. Sikuacha hata shilingi ya nailoni ya kufunika majalada, na vitabu vyenye karatasi laini vilianza kuraruka mwezi wa pili. Leo ningenunua vitabu sitini tu kwa awamu ya kwanza, nikafunika vyote, na fundi ningemwambia rafu ya chini iinuke futi moja kutoka sakafuni na isiguse ukuta. Nisingenunua nakala ishirini za kitabu kimoja pia. Nilifanya hivyo kwa kitabu kimoja, nikidhani darasa zima litasoma pamoja, na nakala kumi na sita hazijawahi kufunguliwa.

Vile vya gredi vilivyowazidi watoto sikuvitupa. Arobaini nilibadilishana na shule ya sekondari jirani, ambayo wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza ndio walikuwa wanaanza Kiswahili. Nao wakatupatia kamusi tatu na hadithi fupi nyepesi. Vingine vimebaki kwenye rangi nyekundu vikisubiri, na kila muhula wawili watatu wanapanda kuvifikia.

Pengo la vitabu vyepesi tuliliziba kwa kuchapa wenyewe. Mradi wa African Storybook umeweka hadithi mtandaoni bure, za Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine nyingi za Afrika, zimepangwa kwa ngazi, na unaruhusiwa kuzichapa. Nilipakua kwenye simu, nikapeleka kwa mtu wa fotokopi mjini. Nyeusi na nyeupe, kurasa kumi na sita zilizokunjwa na kupigwa pini, zilinigharimu kama shilingi 2,000 kila kijitabu. Watoto wenyewe walipaka rangi picha. Soma kwanza kabla ya kuchapa, maana baadhi ya tafsiri nilizokutana nazo zilihitaji kurekebishwa upatanisho wa sarufi, na hadithi nyingine ni za kusomewa na mwalimu, si za mtoto kusoma peke yake.

Yule msichana wa darasa la nne sasa yuko la sita. Mwezi uliopita nilimwona na kile kitabu cha kishada, kile kile. Alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile na vidole viwili vimekunjwa.

Na mama wa leso bado anasoma. Anasomea kibandani kati ya mteja na mteja, na hana kialamisho, kwa hiyo vitabu vinarudi na majani ya mahindi katikati. Jumatatu iliyopita alirudisha kimoja, hadithi ya msichana anayekaa kwa shangazi mkali. Mimi nilikuwa nimekiandikia "13" na alama ya kuuliza. Alikifungua penye jani, akaweka kidole chake chini ya aya moja.

"Hiki usikitoe, madamu. Ila mtoto akifika hapa, uwe karibu."

Nimefuta alama ya kuuliza, nikaandika namba ya ukurasa.